Meli Iliyopita Dodoma Nchi Kavu

Ukikaa kijiweni ukataja manowari za Wajerumani, haipiti dakika mtu atakurukia na habari za nyambizi. Nyambizi zimebarikiwa na filamu: giza, jasho, nahodha mwenye ndevu za mwezi mzima, sindano ya kipimo inatetemeka, mabaharia wamebana pumzi. Kijana yeyote aliyewahi kulipa kiingilio cha banda la video anazijua. Mimi sina ugomvi nazo. Ila huwa nawauliza wenzangu: hivi mnajua kwamba iko manowari ya Mjerumani iliyopita hapahapa Dodoma? Wanacheka. Dodoma haina bahari, mito yenyewe sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na tumekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Manowari ipite wapi?

Ilipita relini. Ilipita ikiwa vipandevipande, imefungwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, juu ya mabehewa ya reli ya kati, mwaka 1914. Na baada yake, mwaka uliofuata, ukapita mzinga wa kuipa meno. Nyumbani kwetu si mbali na reli hiyo, na kwa muda mrefu niliona treni ni kitu cha kupishwa tu ili uvuke. Tangu niisome habari hii nikisikia honi huwa natega sikio.

Meli yenyewe iliitwa Graf von Götzen. Tuanzie kwenye jina, maana majina ya meli hayaokotwi jalalani. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki kuanzia 1901 mpaka 1906. Kwa hiyo vita vya Maji Maji vilipolipuka Julai 1905, yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Vilizimwa kwa bunduki, halafu vikazimwa kwa njaa: mashamba yalichomwa moto, maghala yakachomwa, mbegu ikachukuliwa. Wanahistoria wetu wamekadiria kwamba waliokufa wanafika 250,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakupigwa risasi, walikosa chakula. Huyo ndiye aliyepewa heshima ya kuandikwa ubavuni mwa meli kubwa kuliko zote katika Ziwa Tanganyika. Shikilia hapo kwenye njaa, tutakutana nayo mbele.

Sasa habari ya usanifu, ambayo nakiri inanipendeza kama fumbo zuri. Mwenye kuagiza meli alikuwa ile kampuni ya Kijerumani iliyojenga reli ya kati. Reli ilianzia Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma, kilomita 1,250 hivi kutoka pwani. Kampuni ikajiuliza: abiria na mizigo vikishafika ziwani vinaendeleaje? Panahitajika meli, tena meli kubwa. Lakini Ziwa Tanganyika halina mlango wa kupitisha chombo cha ukubwa huo kutoka baharini. Huwezi kuileta inaelea.

Kazi wakapewa kiwanda cha Meyer cha Papenburg, kaskazini ya Ujerumani, kiwanda kilichokuwa kinaunda vyombo tangu 1795. Mafundi wake walifanya jambo ambalo kila mshonaji wa nguo atalielewa haraka: walipiga bandi kwanza. Mwaka 1913 waliijenga meli nzima kule kwao kwa kuikaza na bolti, wakaitazama imekaa sawa, halafu wakaifungua yote tena. Kila bamba na kila ubavu ukapewa namba. Kushona kwenyewe, yaani kupiga ribiti za moto, kungefanyika Kigoma. Meli hii ilikuwa na urefu wa mita 70 na ushei, upana mita 10, injini mbili za mvuke na rafadha mbili. Urefu wa mita 70 unazidi ule wa nyambizi nyingi za Wajerumani za vita vya pili, zile mnazozisifia kijiweni. Na vyote hivyo ilibidi vikatike kwa vipimo vya behewa la reli ya upana wa mita moja, reli nyembamba inayopinda na kupanda milima mpaka kwetu uwandani.

Makasha yalipandishwa melini Hamburg, yakashushwa Dar es Salaam, yakapakiwa tena kwenye treni. Hapo mikono ni ya nani? Vitabu vinawataja waunda meli watatu waliotumwa na kiwanda kuja kuisimamisha: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Walikuwa mafundi hodari, sitawanyima haki yao. Wakafanya kazi Kigoma pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, na vita vikawakuta huko Agosti 1914. Lakini makasha 5,000 hayajibebi. Reli yenyewe haikujitandika. Tuta lile linalopita Ugogo lilichimbwa kwa jembe na kubebwa kwa karai.

Wazee wa Ugogo walikuwa na sheria yao ya barabara kabla ya hapo. Msafara wowote wa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ukipita nchi yao ulilipa hongo kwa mtemi: nguo, shanga, nyaya. Maji ya kisima yalikuwa na bei, kwa sababu nchi hii maji si mchezo. Wazungu wa karne ya 19 walilalamika sana juu ya hongo za Ugogo, wakajaza kurasa. Mimi nikisoma malalamiko yao nacheka kidogo, maana mpita njia hulalamikia ushuru kila zama. Treni iliyobeba Götzen haikulipa hongo kwa mtu.

Ilipopita hapa haikuwa manowari bado, ilikuwa meli ya abiria iliyolala. Iliteremshwa majini Kigoma tarehe 5 Februari 1915, ikafanya majaribio Juni mwaka huo, na kufikia hapo nchi ilikuwa vitani. Abiria wake wakawa askari na shehena ikawa risasi. Palikosekana mzinga mkubwa, na mzinga ukapatikana kwa njia ambayo mtunzi wa hadithi angeambiwa ametia chumvi.

Pwani kulikuwa na manowari halisi, Königsberg, yenye mizinga kumi ya sentimita 10.5. Septemba 20, 1914 iliingia alfajiri bandari ya Zanzibar ikaizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus. Halafu ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, na Waingereza wakahangaika nayo kwa miezi hadi walipoimaliza tarehe 11 Julai 1915 kwa manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake ioze. Waliitoa mtoni, ikaburutwa na watu mpaka Dar es Salaam, ikatengenezwa kwenye karakana na kuvalishwa magurudumu. Kumi yote. Kutoka hapo ikatawanywa nchini kama watoto wa ndugu waliofiwa na wazazi, kila mmoja kwa mjomba wake. Mmoja ukapanda treni, ukapita Morogoro, ukapita Dodoma, ukapita Tabora, ukaenda kuwekwa juu ya Götzen.

Basi fikiria: meli ya ziwani iliyoundwa kandokando ya mto wa Ujerumani, mzinga wa manowari iliyofia Rufiji, na kiungo chake ni reli inayokatiza Ugogo.

Utumishi wake wa vita, ukweli usemwe, haukuwa na mapigano ya kusimulia. Ilisafirisha askari na vifaa kati ya Kigoma na kusini mwa ziwa. Ilitisha kwa kuwepo tu. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo za kasi, Mimi na Toutou, wakazivuta nchi kavu kupitia Kongo, zikaiteka Kingani Desemba 26, 1915 na Februari 9, 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Lakini kamanda wao, Spicer-Simson, hakuisogelea Götzen. Kumbe muda si mrefu mzinga wake mkubwa ulirudishwa nchi kavu ambako jeshi lilikuwa na dhiki zaidi, na pale juu pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao. Simba wa maboya, kama tunavyosema mtaani.

Mwisho wake wa Kijerumani ulikuwa wa upole wa ajabu. Wabelgiji walikuwa wanakaribia Kigoma. Amri ikatoka meli izamishwe, na wale wale walioijenga ndio waliopewa kazi hiyo. Walizipaka injini grisi nzito kila mahali, wakajaza mchanga, wakailaza chini taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, tarehe 26 Julai 1916. Mtu anayevunja kitu hafanyi hivyo. Walikuwa wanaiweka akiba, wakiamini watarudi kuichukua.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena karibu na Kigoma. Waingereza wakaiibua 1924, wakakuta ile grisi imefanya kazi yake: injini zingali nzima. Nyambizi gani ilikaa chini ya maji miaka yote hiyo ikapanda juu na kuendelea na safari? Mei 16, 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kusini mwake. Jina la gavana likafutwa. Injini za mvuke zikaja kubadilishwa kwa za dizeli miaka ya 1970. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliitumia kuwarudisha makwao wakimbizi zaidi ya 75,000 wa Zaire, na Mei 2015 ilikuwa ikienda Kagunga kuwachukua maelfu ya Warundi waliokuwa wamekwama ufukweni, ikiwaleta Kigoma na magodoro yao na sufuria zao. Chuma kile kile cha Papenburg. Watu wa Kigoma wana haki ya kuipenda.

Ila mimi ni mtu wa Dodoma, na kuna tarehe inayonikwaza. Götzen ililazwa Julai 26, 1916. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Siku ya tatu, Julai 29, jeshi la Jenerali van Deventer, Makaburu na Waingereza, likaingia Dodoma na kuikamata stesheni. Ndani ya siku nne reli ilikuwa imekatwa kiunoni, na kule mwisho wake imepoteza meli. Vitabu vingi vinavyosimulia meli hii huishia na ziwa. Vikitoka ziwani vinaenda moja kwa moja kwenye ile filamu ya 1951 iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester, meli yetu imegeuzwa jina na kufanywa mchezo wa mapenzi. Haviteremki stesheni ya Dodoma kuangalia.

Ukiteremka utaona hivi. Tangu 1914 uwanda huu ulikuwa ghala la jeshi. Aprili 19, 1916 van Deventer aliichukua Kondoa Irangi, na Lettow-Vorbeck akaja na vikosi vyake kumkabili: treni mpaka Dodoma, halafu kwa miguu kaskazini, masafa ya kilomita 150 na zaidi. Huko Kondoa mizinga ya Königsberg ilisikika tena, mizinga ya baharini ikinguruma katikati ya vilima vya Warangi. Usiku wa Mei 9 kuamkia 10 Wajerumani walishambulia, wakashindwa. Kisha majeshi mawili yakakaa yanatazamana wiki kadhaa. Jeshi likikaa linakula. Linakula nini? Mtama, uwele, ng'ombe. Wa nani?

Hapo inabidi nieleze kitu ambacho mgeni wa Dodoma hakioni. Mgogo hakuwa anafuga ng'ombe kwa ajili ya sifa tu. Mvua ya hapa ni ya kubahatisha, kila miaka michache inakata, na shamba peke yake halikutunzi. Ng'ombe ndiyo benki. Mwaka mbaya unaswaga ng'ombe wawili watatu mpaka kwa watu wenye nafaka, unarudi na mtama, watoto wanaishi hadi mvua nyingine. Ukimnyang'anya Mgogo ng'ombe hujamnyang'anya kitoweo cha leo, umemnyang'anya mwaka ambao bado haujafika.

Wajerumani walichukua ng'ombe kwa maelfu. Walipoondoka Waingereza nao wakachukua. Nafaka ilichukuliwa na wote wawili. Halafu wakachukua watu. Vita hivi havikuwa na malori ya kutosha na ndorobo waliua farasi na punda, kwa hiyo mzigo wa jeshi ulikaa kwenye kichwa cha mwanadamu. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kambi ya wapagazi hao. Upande wa Waingereza peke yake hesabu zao zinasema walikufa karibu 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Wanaume wa Ugogo walichukuliwa msimu wa kulima, na aliyebaki nyumbani alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni na jembe moja.

Halafu mvua ikakata.

Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliipa jina: Mtunya. Hufasiriwa kuwa ni kinyang'anyiro, kugombaniana. Mwishoni mwa 1918 ikaja na ile homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikawakuta watu ambao tayari ni mifupa. Watu walikula mizizi, walikula ngozi za kulalia. Walikwenda kwa wenye chakula wakaacha watoto kama rehani. Kuna makadirio kwamba katika Ugogo yenye watu wapatao 150,000 walikufa 30,000. Mtu mmoja kati ya watano. Hesabu nyumba za mtaani kwako, kila ya tano funga mlango.

Na reli ilikuwepo. Hili ndilo linalonichoma. Chombo kile kile kilichoweza kupitisha meli nzima hapa, kasha kwa kasha, namba kwa namba, bila kupoteza bamba, kilikuwepo muda wote watu wanakufa umbali wa kutembea kutoka kwenye mataruma. Reli hiyo ilibuniwa kupitisha vitu katika Ugogo; kushusha kitu Ugogo ilikuwa kazi nyingine. Najua mtu atasema serikali mpya ya Waingereza ilikuwa changa, vita havijaisha, mabehewa yalihitajika. Sawa. Nami nasema mabehewa yalihitajika pia 1914, yakapatikana.

Wakati Waingereza wanatoa fedha na mafundi kuiibua ile meli ziwani 1924, wakafurahia jinsi grisi ilivyozitunza injini, Ugogo palikuwa na tembe zilizobomoka ambazo hakuna aliyerudi kuziezeka kwa udongo. Mizinga ya Königsberg nayo ilipata watunzaji. Mmoja unaweza kwenda kuutazama Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Pretoria, imepakwa rangi, ina maelezo yake.

Wenzangu mnaoandika, najua tunapenda kwenda mbali kutafuta hadithi. Nimesoma miswada ya vijana wa hapa mjini iliyojaa theluji na majasusi. Hizi ninazosema ziko kando ya reli: Kikombo, Bahi, Kigwe, Kilimatinde. Tatizo ni kwamba hazikuandikwa, na waliozisikia kwa waliozipitia wanapungua kila masika.

Bibi yangu mzaa baba hakuiona Mtunya, aliipokea kwa mama yake. Hakunisimulia habari za meli wala mizinga, na nilipomweleza kuwa meli ilipita kwenye treni alisema tu, "Mjukuu wangu, ilikuwa imebeba mtama?" Kwake zama zile zina alama moja. Fulani alizaliwa kabla ya Mtunya, fulani baada, fulani ni wa wale walioachwa rehani na hawakukombolewa, wakakulia ukoo mwingine na kuoana huko. Mama yake yeye alizaliwa Mtunya ikiwa ndiyo inaanza. Walipokuja kuandikisha watu, karani alimuuliza mwaka wa kuzaliwa, akamjibu hivyo hivyo. Karani akafikiri kidogo, akaandika 1917.